Kadi ya Kliniki

Mwezi Juni 2011 nilikuwa afisa ustawi wa jamii katika wilaya moja ya Tanzania Bara, na asubuhi ile nilikwenda mahakamani kwa shauri la matunzo, wala si kwa ajili ya kijana aliyepandishwa kizimbani akiwa amevaa shati la mtu mzima lililomfika magotini. Hati ya mashtaka ilisema ameiba simu na ana umri wa miaka 18. Nilivyokuja kuelewa baadaye, aliyeiandika hakumuuliza mtu. Alikadiria kwa macho, na kwa makadirio hayo kijana alikuwa amelala siku tisa mahabusu pamoja na watu wazima.

Wakati huo Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 ilikwisha kuifuta ile ya kikoloni, ikamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na kukataza asihukumiwe kifungo. Kwenye semina tuliisifia mahakama zake za watoto. Mimi naona uzito wake wote umeegemea kifungu cha 113, kinachomtaka hakimu achunguze umri pale aliye mbele yake anapoonekana kuwa mtoto. Kwani akishaandikwa 18 na watu wakanyamaza, vifungu vingine vyote havimfikii.

Nilisimama bila kuitwa, jambo ambalo si la adabu mahakamani, nikaomba umri uchunguzwe. Hakimu alinitazama kwa muda, kisha akaahirisha shauri hadi saa nane.

Bodaboda ilinifikisha kwa bibi aliyemlea. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo (na kijijini kwao ni wangapi waliokuwa nacho?), lakini chini ya godoro alitoa kadi ya kliniki iliyoviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni: amezaliwa Machi 1997. Nilipoipokea aliishika upande wa pili.

“Utairudisha, mwanangu?”

Nikamwomba twende pamoja.

Alasiri shauri lilisikilizwa ofisini kwa hakimu, mlango umefungwa, bibi ameketi kando ya mjukuu wake. Mwendesha mashtaka aliikata 18 kwa kalamu, akaandika 14 juu yake, akatia sahihi pembeni. Dhamana ikatolewa. Karani aliposema kadi itabaki kwenye jalada, bibi akarudi kuketi kwenye benchi, akamshika mjukuu mkono, wala hawakuondoka mpaka ilipotolewa nakala naye akakabidhiwa kadi yake.