Nilivyoacha kuchambua nguo za watoto

Nguo chafu hazikuwahi kunishinda. Zilizonishinda ni zile safi. Kufua nafua, kuanika naanika, zikikauka naanua na kuzirundika zote kwenye kiti sebuleni, nitazikunja baadaye. Hiyo baadaye haifiki. Asubuhi watoto wanalifukua rundo kusaka soksi, nguo zinaanguka, zinakanyagwa, na jioni narudia kufua shati ambalo hakuna aliyelivaa.

Nilipoangalia vizuri nikaona muda hauishii kwenye kufua wala kukunja. Unaishia kwenye kuchambua. Hii fulana ya nani? Hii kaptula imeshambana mkubwa au bado? Tulikuwa tunafua kwa rangi, kama nilivyolelewa, kwa hiyo kila tukifua, nguo za nyumba nzima zinachanganyika.

Sasa tunafua kwa mtu. Kila mtoto ana kapu lake. Likijaa zinafuliwa zake tu, zinaanikwa pamoja, zinarudi kwenye kapu lilelile hadi chumbani kwake. Zinazotengwa ni mashati meupe ya shule na nguo mpya zinazochuja rangi. Nguo nisiyoiamini naisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, upande wa ndani penye mshono. Kitambaa kikishika rangi, inafuliwa peke yake. Soksi nazo nilizimaliza kwa kumnunulia kila mtoto za aina moja tu, basi yoyote ni mwenza wa yoyote.

Kukunja wanakunja wenyewe. Wanakunja vibaya, nakiri, na mwanzoni mikono iliniwasha nizirudie. Nimeacha. Chupi na fulana za ndani hata hazikunjwi, zinaingia kwenye droo zilivyo. Pasi ni kwa sare, basi.

Ninachokishikilia mwenyewe ni madoa, maana doa halisubiri kapu lijae. Damu ya goti lililochunika inaenda kwenye maji baridi saa hiyohiyo; maji ya moto yanaigandisha kwenye nyuzi. Doa la mafuta nalipaka sabuni ya kuoshea vyombo nguo ikiwa bado kavu, naliacha kidogo, ndipo maji. Tope naliacha likauke, nalipukuta, halafu ndiyo nafua, kwani likisuguliwa bichi linazidi kuzama. Kola za mashati meupe ndizo zenye ukaidi: ule mstari wa kahawia ni jasho na mafuta ya shingo, na kulowekwa tu hakuuondoi. Naulowesha, naupitishia sabuni ya kipande, nafikicha kola kwa kola mpaka povu linalotoka libaki jeupe.

Sabuni ya unga nimepunguza. Mama mkwe wangu haamini kabisa, kwake povu lisipofurika beseni hakuna kilichofuliwa. Lakini sabuni isiyosuuzwa ikaisha ndiyo inayofanya taulo likauke gumu na lishindwe kunyonya maji vizuri.

Yamebaki mashuka, ambayo hayana kapu la mtu. Hayo nayafua mimi wikendi, asubuhi na mapema, kitanda kimoja kimoja. Jioni shuka linatoka kwenye kamba moja kwa moja hadi kitandani lilikotoka, kwa hiyo hakuna wa kulikunja.