Meza yetu, mesa yao

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa nahesabu magunia bandarini Mtwara. Siku moja mchana nikala wali na pweza na baharia Mfilipino. Akagonga meza, "Mesa." Nikacheka, nikidhani ananiiga. Kumbe ni neno la Kitagalog chake, waliloachiwa na Wahispania waliowatawala tangu 1565 hadi 1898. Sisi letu ni la Wareno. Na bendera? Kwao bandera. Tukagongeana mikono kama ndugu waliopotezana.

Kwenye shule tukaachana: wao eskwela, sisi neno la Mjerumani, huyohuyo aliyejenga boma la Mikindani. Ila madarasa yao yalibadilishwa zaidi na Wamarekani. Mwaka 1901 meli Thomas ilishusha Manila walimu wapatao 500, masomo yakawa kwa Kiingereza. Jamaa anasema shuleni kwao ukiropoka Kitagalog, faini.

Faini afadhali! Mimi kidato cha pili nilivishwa kibao shingoni kutwa nzima, kisa nimeomba chaki kwa Kiswahili. Kamba ilikuwa ya katani, inawasha hasa. Nikamwonyesha ilipokuwa ikikaa. Akaitazama shingo, akanisogezea kipande chake cha mwisho cha pweza.