Wiki ya Kufuma na Kufumua

Wiki hii imekuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Ofisini hesabu za mwisho wa mwaka wa fedha zilikuwa zikisubiriwa, mwenzetu anayezifahamu vizuri zaidi yuko kwenye likizo ya ugonjwa, na katikati ya hayo yote baba amelazwa ili afanyiwe vipimo ambavyo majibu yake hutoka kidogo kidogo: leo ya damu, kesho ya moyo, keshokutwa tunaambiwa tusubiri. Mchana nilifanya kazi roho ikiwa juu juu, nikiitazama simu kila ilipotoa mlio, na usiku usingizi ulinipaa. Kilichonifikisha Ijumaa nikiwa na utulivu kiasi ni sindano za kufumia na uzi wa sufu. Ningependa kueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu naona ufumaji husifiwa mara nyingi kwa jambo ambalo si nguvu yake kubwa.

Husemwa kwamba kufuma hutuliza kwa kuwa ni kazi nyepesi ya kujirudia, mikono ikijiendea yenyewe huku mawazo yakipumzika. Kwangu hilo lina ukweli wa nusu tu. Ufumaji wa sindano umejengwa juu ya vitanzi vya aina mbili, kile kinachovutwa kutoka nyuma kuja mbele na kile kinachovutwa kutoka mbele kwenda nyuma, na skafu niliyo nayo kikapuni inatumia aina ya kwanza peke yake, mstari baada ya mstari, hivyo kitambaa kinatoka na matuta pande zote mbili na kingo zake hazijikunji. Ni kazi ambayo ningeweza kuifanya gizani. Jumatatu usiku niliishika nikidhani itanituliza, na mikono kweli ilikwenda vizuri, lakini mawazo nayo yalikwenda, moja kwa moja hadi kando ya kitanda cha baba. Akili yenye hofu ikiachiwa nafasi huijaza nafasi hiyo kwa hofu. Skafu ilinifaa mahali pengine: kwenye benchi la kusubiria wodini, na wakati wa simu ndefu na ndugu zangu, ambapo nilihitaji kusikiliza kwa makini huku mikono ikiwa na cha kufanya badala ya kutetemeka.

Usiku, nikiwa peke yangu, nilichohitaji kilikuwa soksi.

Soksi hufumwa kwa mzunguko, juu ya sindano nne fupi zenye ncha pande zote mbili, na sindano ya tano ndiyo inayofanya kazi. Hii ninayomfumia baba ina vitanzi 64, yaani 16 kwa kila sindano, na sehemu ya juu inayoshika mguu imefumwa kwa kubadilishana vitanzi viwili vya aina moja na viwili vya aina nyingine ili ivutike na kurudi. Mpaka hapo hakuna ugumu. Ugumu, na kwa kweli raha yote, uko kwenye kisigino. Unaacha nusu ya vitanzi vikipumzika, unafuma vitanzi 32 vilivyobaki kwenda na kurudi mpaka upate kipande cha mraba kinachoning'inia nyuma, kisha unaanza kugeuza. Unafuma hadi kupita kidogo katikati, unaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja, unafuma kimoja zaidi, halafu unageuka na kurudi ulikotoka kabla hujafika mwisho wa mstari. Upande wa pili unafanya vivyo hivyo. Panabaki pengo dogo kati ya vitanzi vilivyofumwa na vile ambavyo havijaguswa, na kila mstari unaofuata unakwenda kitanzi kimoja mbele zaidi na kuliziba pengo hilo, mpaka vitanzi 32 vinabaki 18 na kitambaa kilichokuwa bapa kinajikunja chenyewe na kuwa kikombe kinachotosha kisigino cha mtu. Nimekiona kikitokea mara nyingi, na bado kila mara nasimama kidogo kukiangalia kwa kidole, nikikibonyeza kutoka ndani.

Katika saa hiyo ya kugeuza kisigino huwezi kufikiria jambo lingine, kwa maana ukiacha kuhesabu unapotea. Hofu inakosa mahali pa kukaa, ingawa haijaondoka. Baada ya kugeuza, unaokota vitanzi 16 kila upande wa kile kipande cha nyuma, jumla pamoja na vile 32 vilivyokuwa vikipumzika inafika 82, na unaanza kupunguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja mpaka urudi kwenye 64. Mizunguko 9 ya kupunguza, na inajulikana itaisha lini. Katika wiki ambayo hakuna daktari wala mkuu wa idara aliyeweza kuniambia jambo lolote litaisha lini, kupata kitu kimoja chenye mwisho unaohesabika kulikuwa na maana kubwa kwangu kuliko ule utulivu unaosifiwa.

Mambo haya yamewahi kufanyiwa utafiti. Mwaka 2013 jarida la British Journal of Occupational Therapy lilichapisha matokeo ya dodoso lililojibiwa na wafumaji zaidi ya 3,500 kutoka nchi mbalimbali, na waliofuma mara kwa mara ndio waliosema zaidi kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha. Siuchukulii kama ushahidi wa mwisho, kwa kuwa waliojibu ni watu ambao tayari wanaupenda ufumaji, lakini nilifarijika kujua kwamba ninachokisikia mikononi wengine nao wamekisikia.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Jibu tulilolingoja likaahirishwa, na ofisini tukaambiwa hesabu zirudiwe kwa mfumo mwingine. Usiku huo sikuwa na nguvu ya kufuma chochote, si soksi wala skafu, kwa hiyo nikachukua sweta kuukuu la baba, lililofumwa kwa mkono na kuchakaa viwikoni, nikaanza kulifumua. Kwanza nilikata kwa uangalifu nyuzi zilizounganisha mikono na kiwiliwili, kisha nikatafuta mahali vitanzi vilipofungwa, kwa sababu kipande kilichofumwa kwa sindano hufumuka vizuri kuanzia kilipomalizikia; ukianza kuvuta kule kilikoanzia, uzi hukwama. Nilipokata fundo la mwisho, uzi ukaanza kutoka mstari kwa mstari kwa mkwaruzo mdogo unaosikika, nami nikawa nauzungusha kwenye mgongo wa kiti. Sehemu za viwiko zilikatikakatika na nikaziweka kando. Zilizobaki zilikuwa nzima kabisa.

Uzi uliofumuliwa hutoka umejaa mawimbi, kwa kuwa sufu hushika umbo la vitanzi ilimokaa kwa miaka. Nilifunga kila fungu mahali panne kwa uzi wa pamba ili lisijisokote, nikaliloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, bila kulisugua kwa sababu sufu ikisuguliwa majini hushikamana na kuwa ngumu, kisha nikalianika na kitu chenye uzito mdogo chini yake. Maji hulegeza unyweleo wa sufu mpaka uisahau ile mikunjo, na asubuhi mafungu yalikuwa yamenyooka. Kazi ya mtu fulani ya miaka mingi iliyopita ilikuwa imefutika, na hakuna chochote kilichopotea isipokuwa viwiko. Nilibaki nikilifikiria jambo hilo nikiwa njiani kwenda kazini, na zile hesabu za kurudiwa hazikunikera kama zilivyonikera jana yake.

Leo jioni jibu la moyo limetoka na ni zuri. Moja bado, nalo litatoka Jumatatu. Soksi ya kwanza imevuka kisigino na sasa niko kwenye unyayo, sehemu ya mizunguko mitupu ambayo huenda haraka. Nimemwomba dada, ambaye ana zamu ya kumtembelea baba kesho asubuhi, ampime unyayo kwa futi ya kushonea, kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole kikubwa, kwani vitanzi vya vidoleni huanza kupunguzwa pale panapobaki takriban sentimita 5, na miguu ya baba imevimba kidogo tangu alazwe, kwa hiyo siwezi kutegemea kipimo cha viatu vyake.