Tone moja tu

Leo nimemimina maji ndani ya kompyuta yangu kwa makusudi 😅

Miezi minne nanunua vifaa kidogo kidogo. Ya gemu, ya kwanza kuiunga mwenyewe, inapozwa kwa maji yanayozunguka kwenye mipira. Kasha lenyewe dogo, kila mpira wa maji nimeukata mara mbili ndipo ukaenea.

Kupima kama inavuja, pampu nikaiwasha peke yake, ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) hauna umeme. Tishu nimetandaza chini ya kila kiungio.

Dakika ya ishirini, tishu moja ikaonyesha kiduara, kama sarafu.

Moyo paa!

Kumbe oringi, ile pete ya mpira ya kuziba maji, ilikaa upande. Nimeirudisha, nipo sakafuni nasikiliza mapovu yakipita. Mama kachungulia, anauliza kama nimeanza kufuga samaki.

Mliowahi kuunga, mlisubiri masaa mangapi kabla ya kuwasha?