Upande wa Nne

Mashindano yenyewe ya baiskeli yalikuwa Jumapili, Agosti 25, 2013, huku kwetu Kisauni, Mombasa: mzunguko mmoja unaopita barabara nne za mtaa. Daftari la michango tulikuwa tumelifungua tangu mwisho wa Juni. Ninalo mpaka leo, jalada limeingia mafuta ya cheni, na ukilipitia unaona kwamba kilichoharibika siku ile kilianza kuharibika humo, katika kurasa ambazo hazina majina.

Kabla ya kuomba hata shilingi tulipima njia, kwa sababu idadi ya kona na vichochoro ndiyo inayokwambia unahitaji watu wangapi, na watu ndio gharama. Hatukuwa na kifaa. Tulichukua black mamba, ile baiskeli nzito ya kazi, tukafunga utepe mwekundu kwenye spoki moja ya gurudumu la mbele, tukalizungusha mara moja chini na kuweka alama mbili za chaki: sentimita 222. Mmoja akasukuma, mmoja akahesabu utepe. Ulishuka chini mara 1,036, yaani mita 2,300 hivi. Usihesabu huku umepanda, maana uzito unakandamiza tairi na gurudumu linazunguka mara nyingi zaidi. Na hesabu kwa mamia, kila mia weka kokoto mfukoni.

Kona nne, vichochoro tisa vinavyotokea barabarani, pamoja na mstari wa kuanzia. Walinzi watatu kila kona, mmoja kila kichochoro, watatu mstarini: watu 24. Kiamshakinywa na chakula cha mchana kwa shilingi 150 kila mmoja, hiyo ni 3,600. Ambulensi ya kukodi na wahudumu wawili kwa nusu siku, 8,000. Spika na jenereta, 5,000. Namba za kifuani 90 kwa 30, jumla 2,700. Maji 1,500. Kamba, chokaa, filimbi na bendera, 3,300. Zawadi 22,000. Tukaongeza akiba ya dharura 4,600, kiasi cha sehemu moja ya kumi, jumla ikawa 50,700.

Mpango wa fedha ulikuwa hivi. Kuna mfadhili mmoja, mwenye biashara kubwa nje ya mtaa, aliyeahidi 25,000 na fulana. Nusu nyingine tuitafute wenyewe. Tulichapisha kadi za mchango, tukanunua vitabu viwili vya risiti za kaboni, na tukasajili laini mpya ya M-Pesa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Laini ilikuwa kwa kitambulisho cha mweka hazina, na simu akakaa nayo yeye. Namba ya siri aliiweka katibu, yeye mwenyewe haijui. Pesa ikitolewa, sharti wawe pamoja kwa wakala. Kila jioni baada ya isha, meseji zilinakiliwa daftarini na namba zake za uthibitisho, maana simu huibiwa lakini daftari la mistari miwili hakuna anayelitaka.

Tuliingia nyumba kwa nyumba kiwango kikiwa 50. Tuligundua mapema kwamba ukimwambia mtu "toa chochote" anatoa 20 au anasema rudi kesho. Ukimwambia "hamsini, hii inalipia namba moja ya kifuani na chokaa ya kuchora mstari", anatafuta hamsini. Wenye maduka tuliwafuata saa nane mchana wakati duka limepoa, kamwe si asubuhi. Muuza duka hapendi mtu wa kwanza kuingia awe anaomba.

Tulimaliza barabara tatu. Ya nne, ile ya nyuma yenye mchanga, kadi zilikwisha tukiwa kwenye kona yake. Tukasema tutachapisha nyingine. Wiki hiyo hiyo mfadhili akatuma mtu kuthibitisha ahadi yake, na Ramadhani ikawa mlangoni. Mwezi wa Ramadhani huchangishi mashindano, watu wana futari, na baada yake kuna nguo za Idi. Daftari likafungwa. Barabara ya nne hatukurudi.

Tulipofungua tena baada ya Idi, zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache. Barua ya polisi ilikuwa tayari. Taarifa kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, sheria inaitaka si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkusanyiko, kwa hivyo ukiwahi sana utarudishwa kama aliyechelewa. Barua ya kufunga barabara ndiyo ilitutembeza. Serikali ya kaunti ilikuwa na miezi mitano tu tangu izaliwe, na hatukujua dirisha ni lipi. Mwishowe tulitoa nakala tatu, kila ofisi ikagonga muhuri wa kupokea, na siku ya mbio tulitembea na hizo nakala zenye mihuri.

Siku tisa kabla, mfadhili akapiga simu: mwaka huu haiwezekani, labda mwakani. Fulana nazo zikaenda na yeye.

Hapa ndipo nilipojifunza kuandika ahadi kwa penseli na fedha kwa kalamu. Tulikuwa tumeshaihesabu ile 25,000 kama iko mkononi. Tulikaa barazani usiku ule mpaka saa sita na makaratasi. Ambulensi hakuna kuigusa. Spika, kijana anayepiga muziki kwenye harusi za mtaani akasema atatupa bure, tumpe mafuta ya jenereta tu, 800. Zawadi zikashuka hadi 17,000: baiskeli za kazi 5,000, 3,000 na 1,500, za giya 4,000, 2,500 na 1,000. Wale wa giya walinuna. Kwa maoni yangu kamati ilikuwa sahihi. Baiskeli ya kazi ndiyo inayoleta mkate na madafu mlangoni kwako, na mwenye nayo amekopa kuinunua. Mwenye giya alikuwa ameshamwona mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akishinda Tour de France mwezi uliotangulia. Huyo angekuja hata zawadi ingekuwa soda.

Bajeti mpya, 41,500. Siku tisa hizo tulizitumia kwa walio mbali. Meseji moja fupi ilitumwa kwa watoto wa mtaa walioko Nairobi, Dubai na Doha, ikiwa na orodha ya vitu vilivyopungukiwa na bei yake, kila mtu achague chake. Ilileta 9,850. Maduka 17 yalitoa 11,400. Nyumba kwa nyumba, 8,300. Vijana 30 wa stendi ya bodaboda, 100 kila mmoja, 3,000. Chama cha akina mama kilitoa 5,000 kwa sharti kwamba kuwe na mbio za watoto na wasichana waingie. Viingilio, 50 kwa baiskeli za kazi 31 na 100 kwa za giya 22, watoto 19 bure, 3,750. Jumla 41,300. Tulipungukiwa na 200, na hizo zilitoka kwenye akiba.

Namba za kifuani tulizishona kwa kitambaa cheupe. Jaribio la kwanza tuliandika kwa kalamu ya wino mzito, tukamvalisha kijana mmoja, akaendesha nusu saa. Alirudi na 14 iliyogeuka doa. Agosti kusi inavuma lakini jasho la Mombasa halijali. Tukakata namba kwenye katoni, tukapaka rangi ya mafuta juu yake na kuanika siku mbili. Chora mstari chini ya 6 na 9. Pini nne kila namba, pembe zote, la sivyo upepo unaikunja na mwandishi haoni.

Ukaguzi wa baiskeli ulikuwa Jumamosi alasiri, kwa fundi wa mtaa. Kwenye black mamba aliangalia kwanza pini ya kranki. Unashika pedali zote mbili na kuzitikisa kinyume; ikicheza, pini imelika, na ukiikanyaga kwa nguvu mlimani itakatika na mguu utashuka kwenye cheni. Kisha breki za vyuma: pedi zake hubana rimu kwa ndani, kwa hivyo gurudumu lililopinda hubana upande mmoja na kuachia mwingine. Cheni ilegee kiasi cha sentimita moja na nusu, si zaidi. Karia yenye ncha ilitolewa. Baiskeli saba zilikataliwa, tano zikarekebishwa hapo hapo. Alimfokea kijana mmoja aliyetaka kubandika kiraka juu ya solusheni mbichi: "Wewe, ngoja ikauke mpaka isishike kidole. Ukibandika sasa, jua la saa tatu litakibandua."

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, tulifagia kona. Mchanga kwenye lami ndio unaoangusha watu huku pwani, na kufagia usiku pekee hakutoshi, pikipiki za usiku huurudisha. Tulifagia kona tatu vizuri, kwa sababu wenyeji walitoka na mafagio yao. Kona ya nne tulifagia wawili, gizani, na hakuna mlango uliofunguka.

Saa moja kamili watoto walianza, mzunguko mmoja, wakaisha bila hata goti kuchubuka. Baiskeli za kazi zikafuata, mizunguko sita. Mstarini tulikuwa na meza mbili, waandishi wawili wasiozungumza. Kazi yao si kutia alama ya vyema mbele ya jina, hiyo huharibika kundi la watu kumi likipita pamoja. Wanaandika namba tu jinsi zinavyopita, mfululizo, 23, 7, 41, 12, na kila mzunguko wa kiongozi wanapiga mstari. Ubishi ukitokea unahesabu namba yako imeonekana mara ngapi kwenye karatasi zote mbili. Ulitokea, wa nafasi ya tatu, ukaisha kwa dakika mbili.

Kwenye mbio za giya, mzunguko wa nne, tukasikia filimbi tatu kutoka nyuma. Tuktuk ilikuwa imetoka kichochoroni upande wa nne. Mlinzi wa kichochoro hicho alikuwa kijana wa barabara ya kwanza. Hakumjua dereva, dereva hakumjua yeye, na kamba yake aliiona kama uhuni wa vijana. Kiongozi alipinda kuikwepa, akaingia kwenye mchanga wa kona, gurudumu la mbele likaenda, na wa nyuma yake akampanda. Rimu moja ikawa kama yai. Kiwiko kimechunika mpaka weupe, wahudumu wakakisafisha na kukifunga, wakampima bega, halijateguka. Taa ya tuktuk imepasuka.

Tulisimamisha mbio kwa bendera nyekundu, tukaandika mpangilio wa mzunguko wa tatu, tukaanzisha upya kwa mizunguko iliyobaki. Dereva alidai 2,000. Mzee wa mtaa akamkalisha kwenye ngazi ya duka, akamletea chai, wakamalizana kwa 700.

Kumbe yule dereva alikuwa amekuja kununua mbaazi na mahamri kwa bibi mmoja wa barabara ile, kama kila Jumapili. Yule bibi alitufuata mstarini mwenyewe, leso mbili, mwiko bado mkononi.

"Mwanangu," akamwambia katibu, "mwapita mlangoni pangu na baiskeli sabini, na mie hamkunambia. Wateja wangu ningewambia waje kwa miguu."

Katibu akasema, "Samahani, bibi. Kadi zilikwisha."

"Kadi ni kitu gani? Mdomo mlikuwa nao."

Hesabu ilisomwa Ijumaa iliyofuata, barazani, baada ya magharibi. Mapato 41,300. Matumizi yaliyopangwa, bila akiba, 36,900. Rimu, spoki na kazi ya fundi 1,450. Taa ya tuktuk 700. Ada za wakala 240, kwa sababu tulitoa pesa mara nne kidogo kidogo badala ya mara moja, kosa la kijinga ambalo hakuna aliyelikumbuka kwenye bajeti. Baki 2,010. Mweka hazina aliizungusha simu watu waone salio, kisha risiti zikapita mkono kwa mkono.

Yule bibi alikuwepo, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Aliomba asomewe majina kwa barabara. Yakasomwa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na kichwa cha habari na ukurasa mtupu. Akafungua pindo la leso, akatoa noti ya mia, akasema iandikwe hapo, na za majirani zake atazileta mwenyewe Jumatatu.

Karatasi ya kaboni ilikuwa imekwisha. Mweka hazina akaiandika ile risiti mara mbili kwa mkono.