Tulivyobadili kamisheni ya maafisa mikopo

Nilipokabidhiwa umeneja wa SACCOS yetu, chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro, afisa mikopo alikuwa akilipwa kamisheni siku ile ile mkopo unapotoka. Urudi usirudi, yeye ameshachukua chake. Bodi iliniambia tatizo ni wanachama, watu wa sokoni siku hizi hawalipi. Nikaomba mafaili.

Kwenye fomu za wadhamini ndiko mambo yalikokuwa. Wadhamini wawili wa mkopo mmoja, mwandiko mmoja, wino mmoja, hata sahihi zinapinda upande uleule. Mama muuza dagaa wa Soko la Chifu Kingalu nilimfuata kwenye meza yake, akashangaa kusikia amemdhamini mtu asiyemjua. Wengine walikuwa wamekopeshwa upya ili wafute deni la zamani, na ripoti ikasoma kwamba marejesho yako vizuri.

Sikutaka kumfukuza mtu. Ukimlipa mwenye mshahara mdogo kwa kutoa fedha, atatoa fedha.

Kikaoni niliwaeleza wajumbe yaliyoikuta benki ya Wells Fargo ya Marekani. Uongozi ulitaka kila mteja auziwe huduma nane. Mwaka 2016 ikawekwa wazi kwamba wafanyakazi walifungua akaunti zinazokadiriwa kufika milioni 2 bila ridhaa ya wateja. Faini ilikuwa dola milioni 185, wafanyakazi wapatao 5,300 wakafukuzwa, na mwaka 2020 benki ikakubali kulipa dola bilioni 3. Lakini lengo la nane hawakulitunga watu wa dirishani, na hilo ndilo nililotaka bodi yetu ilisikie.

Tukakubaliana hivi: sehemu ndogo ya kamisheni itoke baada ya rejesho la tatu, kubwa itoke mkopo ukiisha. Mdhamini aje ofisini mwenyewe na kitambulisho. Afisa aende kuiona biashara, nauli ya bodaboda ilipwe na chama. Mkopo wa kufuta mkopo upite kwangu, kwa maandishi.

Bodi ilibishia nauli kuliko kitu kingine chochote. Gharama ya nauli inaonekana kwenye daftari kila wiki. Gharama ya mkopo chechefu, yaani usiorejeshwa, hujificha mpaka mwisho wa mwaka, inapokula gawio la watu waliolipa kwa uaminifu. Nilizipanga mbili hizo kwenye karatasi moja, nikawaachia waisome. Mweka hazina ndiye aliyesema nauli ipite.

Miezi ya mwanzo mikopo ilipungua na maafisa walinung'unika, kwa haki, maana kipato chao kilishuka kabla ya kamisheni mpya kuanza kuingia. Tukawapa posho ya muda. Baadaye madeni yaliyochelewa yalianza kupungua, na wanachama waliokuwa wameacha kuweka akiba wakarudi mmoja mmoja. Waliniambia walichokuwa wakingoja: kuona mkubwa mmoja naye anadaiwa hadharani kama mama lishe anavyodaiwa.

Sasa limezuka lingine. Maafisa wanawakwepa wakopaji wapya, hasa vijana wasio na historia, kwa kuwa mkopaji wa zamani ndiye mwenye uhakika wa kumaliza. Nimepeleka bodi pendekezo la kamisheni ya ziada kwa mkopo wa kwanza wa mwanachama, ilipwe mkopo ukikamilika, na kiwango cha mkopo huo wa kuanzia kiwe kidogo. Kikao ni mwezi ujao.