Majedwali ya maji, na faili zake

Wiki hii nimekuwa nikipanga upya ripoti ya ubora wa maji ya visima vya Arusha, ile tunayoiandika na wenzangu kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi kwa amri zinazoanza na alama ya \. Imeshakuwa ndefu, na majedwali yake ni mengi kuliko picha. Wengi huiona kazi hii ya kupanga kuwa ya karani. Mimi naihesabu kuwa nusu ya uandishi.

Kila sura ina faili yake, na faili kuu haina kazi nyingine ila kuziita sura kwa zamu. Naziita kwa \include, kwa sababu amri hiyo huifungulia kila sura ukurasa mpya na kuiwekea faili yake ya .aux, inayotunza namba za kurasa na marejeo. Faida yake ni kubwa: nikiandika \includeonly huko juu, nachakata sura ninayoishughulikia tu, na namba za kurasa na marejeo ya sura zilizobaki hukaa kama yalivyokuwa mara ya mwisho. Majedwali nayaita kwa \input, amri inayoingiza faili papo hapo ilipoandikwa. Hayo hayahitaji ukurasa mpya, na isitoshe \include haikubali kuwekwa ndani ya \include nyingine. Jedwali moja, faili moja. Mwenzetu wa maabara akipata vipimo vipya anafungua faili hiyo peke yake, na maelezo ya sura hayaguswi.

Jina la faili nalo lina uzito. Sipendi "jedwali7", maana likiongezwa jingine mbele yake linakuwa la nane. Liitwe floraidi-visima.tex, namba tuziachie \label na \ref, amri za kulipa jedwali jina na kulirejelea kwa jina hilo. Herufi ziwe ndogo zote: Linux hutofautisha kubwa na ndogo, Windows kwa kawaida haitofautishi, na faili iliyofunguka kwenye mashine moja hugoma kwenye nyingine.

Sasa jedwali lenyewe. Miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru hutia floraidi nyingi kwenye maji, na meno ya kahawia ya watoto wa huko yanatokana nayo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo msomaji anayeshika jedwali letu anatafuta jambo moja: kisima kipi kimevuka hapo? Ukiziweka 0.9 na 12.4 katikati ya safu, nukta zinapishana na jicho linalazimika kusoma kila namba. Ukizipanga kwa nukta ya desimali, kwa safu ya S ya kifurushi cha siunitx, kisima kibaya kinachomoza chenyewe. Kipimo, mg/L, kinakaa kwenye kichwa cha safu mara moja. Mistari ya wima nimeing'oa yote. Booktabs, kifurushi kingine cha majedwali, inanipa mstari wa juu, wa chini ya vichwa na wa mwisho, na inatosha.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni visanduku vitupu. Kitupu maana yake nini? Hakikupimwa? Kilipimwa, kikawa chini ya uwezo wa mashine kukigundua? Hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa, na kuandika 0 kwa lolote kati yake ni kumdanganya mnywaji wa maji yale. Tumekubaliana: kistari kwa kisichopimwa, alama ya < na kikomo cha mashine kwa kilichopimwa kisigundulike, na maelezo chini ya kila jedwali, si mwanzoni mwa ripoti tu.

Jedwali la kiambatisho linavuka kurasa kadhaa, basi nimetumia longtable, kifurushi cha majedwali marefu, vichwa vikirudiwa kila ukurasa kwa \endhead. Lilikuwa pana pia. Kulibana kwa \resizebox, amri ya kupunguza ukubwa wa jedwali zima, sikutaka, kwani herufi hunywea hadi mzee wa kamati ya maji ashindwe kuzisoma, na ripoti hii ni yake kabla ya kuwa ya wataalamu. Nimelikata mawili, kemia huku na bakteria kule, jina la kisima likiongoza yote mawili. Kesho nalituma kwa wenzangu walipitie.